Kisa cha Sonic: sura iliyokataliwa, hadithi iliyobaki

Tarehe 30 Aprili 2019 studio ya Paramount ilitoa trela ya kwanza ya sinema ya Sonic, yule kalunguyeye wa bluu wa kampuni ya Sega anayejulikana kwa mbio. Ndani ya trela mlikuwa na milipuko, utani, Jim Carrey aliyefuga masharubu, na wimbo wa Coolio wa mwaka 1995 ukipigwa nyuma yake. Hayo yote hayakuzungumzwa. Watu walizungumza meno.

Yalikuwa meno ya binadamu, safu nzima, yamepangwa vizuri kama ya tangazo la dawa ya meno. Macho nayo yalikuwa madogo, kila moja limekaa kivyake na manyoya yamepita katikati. Miguu ilikuwa mirefu, yenye misuli ya mkimbiaji wa mita mia nne, na mikono haikuwa na zile glovu nyeupe. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika gemu ya Sonic, alikuwa mnyama wa ajabu tu. Kwa aliyewahi kuicheza, alikuwa mgeni aliyeingia nyumbani akijiita kwa jina la ndugu yako.

Siku mbili baadaye mwongozaji wa sinema, Jeff Fowler, aliandika kwenye Twitter kwamba ujumbe umefika: watu hawakupendezwa na umbo lile, na litabadilishwa. Tarehe 24 Mei ikatangazwa kuwa sinema haitatoka tena tarehe 8 Novemba 2019 bali 14 Februari 2020. Trela mpya yenye Sonic mpya ilitoka tarehe 12 Novemba, na safari hii mitandao ikashangilia. Sinema ilipoingia kumbini iliingiza dola milioni 58 kwa siku tatu za mwanzo huko Marekani na Canada, ikaipiku ile ya Pikachu iliyokuwa na rekodi ya ufunguzi ya sinema zilizotokana na gemu. Kufikia mwisho, dunia nzima, ilikuwa imekusanya kama dola milioni 320, na hiyo ni pamoja na kwamba mwezi mmoja baada ya kutoka majumba ya sinema yalifungwa kwa sababu ya korona.

Kisa hiki husimuliwa namna moja kila mahali: mashabiki walipiga kelele, studio ikasikia, kila mtu akafurahi. Si uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomfaa mtu anayetaka kujua jinsi ya kuitoa gemu kwenye pedi na kuipeleka kwenye kioo kikubwa. Kilichobadilishwa kati ya Mei na Novemba ni umbo la mhusika mmoja. Hadithi haikuguswa. Waigizaji walikuwa wameshamaliza kazi yao tangu mwishoni mwa 2018, kwenye mji wa Ladysmith na maeneo ya Vancouver huko Canada. Na hadithi hiyo ambayo hakuna aliyeilalamikia ilikuwa mbali sana na gemu, mbali kuliko yalivyokuwa yale meno. Inakuwaje watu wakubali Sonic aishi Montana, Marekani, jirani na sherifu wa mji, lakini wasikubali apunguziwe macho?

Mchezaji alikuwa ameshika nini

Gemu ya kwanza ya Sonic ilitoka Juni 1991 kwenye mashine ya Mega Drive, ambayo Wamarekani waliiita Genesis. Yuji Naka ndiye aliyeandika programu, Naoto Ohshima akachora mhusika, Hirokazu Yasuhara akapanga njia na mitego ya kila hatua. Sega walikuwa wanatafuta uso wa kushindana na Mario wa Nintendo.

Hadithi yenyewe inatosha kwenye kiganja. Daktari Robotnik anakamata wanyama wadogo na kuwafungia ndani ya mashine. Sonic anakimbia kwenda kulia, anavunja mashine, wanyama wanatoka. Basi. Waliokulia kwenye mabanda ya gemu miaka ya 90, ambapo unalipa kwa dakika na kuna mwenzako anakupumulia shingoni akisubiri zamu, wengi hata hiyo hadithi hawakuwahi kuijua, na haikuwapunguzia chochote. Walijua pete. Ukiwa na pete moja tu hufi. Ukigongwa zote zinamwagika kwa ile sauti yake na una sekunde chache za kuzihangaikia kabla hazijapotea.

Sonic wa gemu ile haongei. Lakini ukiacha kubonyeza, ukaiweka pedi chini ukamjibu mama anayekuita, anageuka kukutazama na kuanza kupigapiga mguu chini, kana kwamba anauliza unangoja nini. Tabia yake yote imo humo: hana subira. Wachoraji walimjenga mhusika kwa umbo na mwendo peke yake, kwenye picha ndogo isiyofika vidoti 50 kwa urefu, inayopaswa kutambulika hata ikipita kama risasi. Ndiyo maana macho yake meupe yameungana, ili yaonekane. Glovu ni nyeupe ili mikono isimezwe na mandhari. Viatu vyekundu vinaifanya miguu inayozunguka isomeke. Vitu hivi vinaonekana kama mapambo, lakini ukivitoa hakuna Sonic aliyebaki chini yake, kwa sababu hakuna kingine kilichowahi kuwepo. Hana kauli maarufu ya miaka ile, hana wasifu mrefu.

Jinsi watu wenye akili walivyofika kwenye meno yale

Ni rahisi kucheka, ila waliofanya kazi hii hawakuwa wababaishaji. Fowler alikuwa akiongoza sinema ndefu kwa mara ya kwanza, lakini alishawahi kuteuliwa kuwania Oscar kwa katuni fupi. Tim Miller, mmoja wa watayarishaji wakuu, alikuwa ameongoza Deadpool. Wote wawili walitoka Blur, studio inayoheshimika kwa picha za kompyuta. Mradi wenyewe ulikuwa umezunguka: Sony walikuwa nao kwanza, wakauacha, Paramount wakauchukua mwaka 2017. Maana yake ulipitia mikono mingi na vikao vingi.

Hoja yao ilikuwa hii: Sonic atakaa ndani ya gari halisi, kando ya mwigizaji halisi, James Marsden, anayeigiza sherifu. Lazima basi aonekane kama kiumbe anayeweza kuwepo. Mwezi Desemba 2018, bango la kwanza lilipotoka, Miller alieleza hadharani kwamba Sega hawakuridhika sana na uamuzi wa macho, lakini wao waliona kwamba bila mabadiliko yale ingeonekana vituko.

Fuata hoja hiyo hatua kwa hatua utaona mtego ulipo. Hakuna mnyama mwenye macho yaliyoungana, kwa hiyo yatenganishwe. Mnyama anayeishi peke yake msituni glovu atazitoa wapi? Basi ziondolewe, mikono iwe na manyoya meupe. Anakimbia kuliko gari, kwa hiyo apewe misuli. Anaongea, na mdomo unaoongea una meno. Kila jibu likisimama peke yake lina mantiki, na mtu akilitetea kikaoni utamwelewa. Ni jumla yake iliyomtoa Sonic nje, na kwenye kikao hakuna anayekuwa na kazi ya kutazama jumla.

Siku kumi tu baada ya trela ile, tarehe 10 Mei 2019, sinema ya Detective Pikachu iliingia kwenye majumba ya Marekani. Pikachu alikuwa na manyoya unayoweza kuyahesabu, macho yenye unyevu, mikunjo ya uso anapohuzunika. Naye alikaa kando ya mwigizaji halisi. Lakini umbo lake la nje lilikuwa lilelile: duara lenye masikio marefu na mashavu mekundu. Watayarishaji walimwajiri RJ Palmer, mchoraji aliyekuwa ameshajipatia jina mtandaoni kwa kuchora Pokémon wakiwa kama wanyama wa kweli. Uhalisia ukawekwa kwenye ngozi, mifupa ikaachwa. Timu ya Sonic ilianzia kwenye mifupa.

Kurekebisha

Paramount walimwita Tyson Hesse aongoze umbo jipya. Huyu alishachora vitabu vya katuni vya Sonic, na ndiye aliyetengeneza katuni ya ufunguzi ya gemu ya Sonic Mania mwaka 2017. Kwa maneno mengine, safari hii kalamu alikabidhiwa mtu ambaye mkono wake ulishamzoea.

Macho yakakuzwa na kusogezwa karibu. Kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili unavyostahili, miguu ikapungua misuli, glovu zikarudi, mdomo ukaacha kuonyesha safu ya meno kila unapofunguka. Lakini tazama alichokiacha. Mikono ya Sonic wa gemu ina rangi ya maziwa kuanzia begani. Wa sinema ana mikono ya bluu. Manyoya yamebaki, unayaona yakipeperuka upepo unapopita. Hesse hakunakili gemu. Alijua ni kipi kinabeba na kipi hakibebi, na ujuzi wa namna hiyo hupatikana kwa kuchora kitu kilekile kwa miaka, hauletwi na utafiti wa soko.

Hata viatu vina adabu yake ndani ya sinema. Mwanzoni Sonic anavaa raba zilizochakaa hadi zinatoboka. Vile viatu vyekundu anapewa zawadi na Jojo, mtoto wa dada yake mke wa sherifu, mwishoni mwa safari. Kitu ambacho gemu inakupa bure kabla hujabonyeza chochote, hapa ni kitu alichopendewa na mtu.

Kuhusu gharama, magazeti ya biashara ya sinema yalitaja kiasi kisichofika dola milioni 5, kwa bajeti nzima ya kama milioni 85 hadi 90. Ni kidogo kuliko watu wengi walivyodhani, na sababu iliyotolewa ni kwamba picha nyingi za kompyuta zilikuwa bado hazijakamilishwa trela ilipotoka. Kuna waliosema basi yote yalikuwa mchezo wa kutafuta kiki, kwamba Sonic mbaya alitengenezwa makusudi ili Sonic mzuri ashangiliwe. Mimi siamini. Tarehe ya kutoka kwa sinema kubwa huwa imefungwa na wenye kumbi, watengeneza vinyago na wenye matangazo miezi mingi kabla. Hakuna anayeivunja kwa hiari ili apate kiki.

Kuna waliolipa kwa namna nyingine. Sehemu kubwa ya kazi ya picha ilifanywa na kampuni ya MPC, na tawi lake la Vancouver lilifungwa Desemba 2019, miezi miwili kabla sinema haijatoka. Kampuni ilitaja ushindani wa soko na fursa za nchi nyingine. Sidai kwamba Sonic ndiye aliyelifunga. Ninachosema ni kwamba anayesifu jinsi kosa lilivyorekebishwa haraka na kwa bei nafuu, akumbuke kwamba neno haraka kwenye kazi ile huwa na maana ya watu kulala ofisini.

Hadithi ambayo hakuna aliyeigusa

Sasa turudi kwenye ile nusu nyingine. Waandishi, Pat Casey na Josh Miller, walipewa gemu isiyo na hadithi na wakaulizwa: huyu mwenye mbio ana shida gani? Jibu la kawaida lingekuwa adui. Wao wakajibu: upweke.

Sonic mtoto analelewa na bundi aitwaye Longclaw. Wanavamiwa, bundi anampa mfuko wa pete na kumwambia akimbie, ajifiche, asionekane. Anatokea duniani, kwenye mji mdogo uitwao Green Hills huko Montana. Jina hilo limetokana na Green Hill, hatua ya kwanza ya gemu ya 1991, na kwa asiyejua halimkwazi kwa lolote. Huko anaishi pangoni miaka kumi, akichungulia maisha ya watu dirishani, akiwapa majina ya kwake mwenyewe, akiwa na familia ambayo yenyewe haijui kwamba yeye yupo.

Kuna tukio moja ambalo kwangu ndilo linaloibeba sinema. Usiku, kwenye uwanja mtupu wa besiboli, Sonic anacheza mechi nzima peke yake. Anarusha mpira, kabla haujafika yuko upande wa pili ameshika gongo, anaupiga, kabla haujaanguka yuko mbali huko anaudaka. Anajitania, anajishangilia, anajizomea. Mbio zake zinamwezesha kuwa timu zote mbili. Kisha anapiga mpira wa ushindi, anafika, anainua mkono apigane kiganja na wenzake, na hakuna mwenzake. Furaha inamtoka usoni taratibu. Anaanza kukimbia kuuzunguka uwanja kwa hasira, kasi inapanda, cheche zinatoka, na ghafla umeme unakatika kwenye eneo zima la kaskazini-magharibi mwa Marekani.

Hapo yamefanyika mambo manne kwa mkupuo. Tumeona mbio, ambazo ndizo gemu. Tumezifurahia. Tumeona kwamba mbio hizo ndizo zinazomwonyesha alivyo peke yake, kwa sababu hakuna wa kwenda naye sambamba. Na tumepata chanzo cha mkasa: umeme ukishakatika, jeshi linataka kujua nani kaukata, na linamtuma Robotnik. Na yote hayo bila maelezo marefu. Waandishi walichukua kile ambacho kidole gumba cha mchezaji kinakijua, yaani kasi, wakakipa maumivu.

Pete nazo wamezitumia hivyohivyo. Kwenye gemu pete ni uhai unaomwagika ukigongwa. Kwenye sinema ni milango: unaitupa, unaitaja au kuiwaza sehemu, mlango unafunguka. Sherifu Tom akimkuta Sonic bandani kwake anamchoma kwa bunduki ya dawa ya usingizi. Sonic anapepesuka, macho yanaangukia fulana ya Tom iliyoandikwa San Francisco, analitamka jina, pete inafungua mlango na mfuko mzima unatumbukia juu ya jengo refu la mji ule. Amegongwa, pete zimemwagika, inabidi azifuate. Mchezaji wa zamani anacheka bila kuambiwa acheke. Mzazi aliyemsindikiza mtoto anaona tu kwamba safari imeanza. Na Tom mwenyewe anataka kuuhama mji huo akawe polisi San Francisco, ilhali aliyekaa naye kwenye gari angetoa chochote ili apate kwao pa kurudi. Si hadithi mpya. Ni hadithi nyepesi ya watu wawili barabarani, ya dakika 99, na wepesi wake ndio uliowaruhusu watumie pesa kidogo. Kiumbe wa kompyuta wa kuendeshwa sinema nzima ni mmoja.

Kisha kuna Robotnik, na hapa ndipo nadharia rahisi ya kwamba kila mtu afanane na gemu inapopasuka. Robotnik wa gemu ni mnene kama yai, kipara, na masharubu mapana kuliko uso. Jim Carrey ni mwembamba, ana nywele, masharubu yake yamekatwa kwa adabu. Hafanani hata kidogo! Ghadhabu ya Aprili 2019 haikumgusa. Wengi walisema ndiye pekee anayeifanya trela ile itazamike. Mwishoni mwa sinema tu, akiwa ametupwa kwenye sayari ya uyoga, ndipo tunamwona kichwa kimenyolewa na masharubu yametawanyika, na waliomfahamu wanapata zawadi yao.

Kwa nini yeye akasamehewa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwendesha Robotnik kwa vidole vyake. Alikuwa adui, alikuwa mbele yako, ulimtazama. Sonic ulikuwa wewe. Saa zote ulizokaa mbele ya televisheni, kila ulipobonyeza akaruka, umbo lile lilikuwa mwili wako. Studio ilidhani inabadilisha picha ya mhusika. Kwa aliyecheza, ilikuwa imemgusa mwilini.

Watafsiri wa sinema kwenye mabanda yetu ya video wamelijua jambo hili siku nyingi. Wanabadili majina, wanamfanya jasusi wa Hong Kong adaiwe kodi ya nyumba Manzese au Kayole, wanaongeza matusi ambayo hayakuwemo, na banda zima linaangua kicheko. Hakuna anayedai hadithi ya asili. Lakini steringi lazima awe steringi yuleyule. Jaribu kumbadilisha katikati uone kama viti vitabaki salama.

Tukipima kwa wengine

Mwaka 1993 Hollywood ilijaribu Mario kwa waigizaji halisi, Bob Hoskins akiwa Mario. Walichukua ulimwengu wa rangi na kurukaruka wakaugeuza jiji la giza lenye watu waliotokana na dinosari. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 48, na Marekani iliingiza kama milioni 21 tu. Huko hawakubadili sura peke yake. Hata kuruka kulihitaji viatu vya mitambo. Nintendo walikaa miaka mingi bila kumpa mtu Mario, hadi walipokaa meza moja na studio ya Illumination, Shigeru Miyamoto mwenyewe akiwa mtayarishaji, na katuni ya 2023 ikapita dola bilioni 1.3. Hadithi yake ni nyembamba kama ya gemu, na hilo halikuwasumbua waliolipa tiketi.

Minecraft ni kipimo kizuri zaidi kwa sababu haina steringi. Kila mchezaji ana sura yake. Alichoshika ni matofali, na ile hali ya kuijenga dunia upya. Sinema ya 2025 ikaiweka dunia hiyo ya pembe nne bila kuilainisha, kondoo wa pembe nne, nyuki wa pembe nne, ikawatupa humo Jack Black na Jason Momoa, na ikakusanya zaidi ya dola milioni 900. Wahakiki wengi hawakuipenda. Watoto waliingia ukumbini wakijua ni wakati gani wa kupiga kelele.

Ila kuna Borderlands ya 2024, na mtu asiseme nimeificha. Mavazi yalifanana, silaha zilifanana, roboti alikuwa yuleyule. Cate Blanchett alikuwemo. Ikabuma vibaya: kama dola milioni 33 dunia nzima, kwa bajeti iliyovuka milioni 100. Kwa hiyo kulinda umbo ni sharti la kuingia mlangoni tu. Ukishaingia unatakiwa uwe na uwanja wako wa besiboli, tukio moja ambalo kitendo cha mchezaji kinageuka kuwa hisia ya mhusika. Borderlands haikuwa nalo. Wachezaji wake walikuwa wamezoea kucheka wakiwa marafiki wanne huku wakigombania bunduki, na ukumbini wakaonyeshwa watu wengine wakifanya hivyo.

Kilichofuata kwa Sonic

Nadhani uamuzi wenye busara kuliko wote haukuwa ule wa Mei 2019, bali ule wa kutoharakisha ulimwengu wa gemu. Sinema ya kwanza ina mnyama mkuu mmoja, na wa pili, mbweha aitwaye Tails, anachungulia tu mwishoni. Ya pili, Aprili 2022, ikawaleta Tails na Knuckles, huyu wa mwisho akiwa na sauti ya Idris Elba, na mapato yakapanda kupita milioni 400. Ya tatu, Desemba 2024, ikamleta Shadow, kalunguyeye mweusi mpinzani wa Sonic, kwa sauti ya Keanu Reeves, pamoja na kisa cha Maria, msichana anayekufa wakati wa uvamizi wa wanajeshi, kilichotoka kwenye gemu ya Sonic Adventure 2 ya mwaka 2001. Hiyo ikapita milioni 490. Fowler alikuwa ameshafanya kazi za picha za gemu ya Shadow ya 2005 alipokuwa Blur, kwa hiyo alimsubiri mhusika huyo muda mrefu.

Kisa cha Maria ni kizito na kimejaa mambo ya maabara, jeshi na kisasi. Kingewekwa kwenye sinema ya kwanza, wazazi wangetoka hawajui wametazama nini. Kufikia 2024 watazamaji walikuwa wameshamzoea Sonic wa Hesse kiasi kwamba waandishi waliweza kuchota kutoka kwenye gemu zenyewe bila kuomba radhi. Ya nne imepangwa Machi 2027, na mwisho wa ile ya tatu umeshamwonyesha Amy, kalunguyeye wa kike, na nyundo yake, pamoja na kundi la Sonic wa chuma ambao wana umbo lililotoka kwenye gemu karibu bila kuguswa.